Mwakeye, mama

Wiki ya pili namuuguza mama hapa Kigoma mjini. Leo asubuhi daktari wa mafunzo kapita wodini, akainama, akamsalimu kwa Kiha: "Mwakeye, mama." Ndipo akagusa mguu wenye kidonda. Mama, aliyekuwa kanuna tangu alfajiri, akacheka! Mwenzake wa jana alisoma faili, akaenda zake.

Nimekaa kwenye benchi nawaza. Wote wawili waliingia udaktari kwa mlango uleule: Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Huruma inapimwa wapi hapo? Marekani, mtihani wa kuingilia udaktari, MCAT, uliongezewa sehemu ya saikolojia na jamii mwaka 2015; Uingereza, mtihani wao kama huo, UCAT, una maswali ya "hapa ungefanyaje". Lakini jamani, si bado ni kuchagua jibu? Hata yule wa jana angelichagua lililo sahihi. Mimi ningemkalisha mwombaji nusu saa na bibi asiyesikia vizuri, kisha nimuulize bibi.

Mpwa wangu anasoma PCB, masomo yaleyale matatu, huko Tabora, anautaka udaktari. Nimempigia simu: likizo hii aje amnyweshe bibi yake uji.