Kutoka taa hadi transista, kwa miguu

Treni ya Caltrain ilinishusha Palo Alto, California, asubuhi yenye baridi. Wenzangu walibaki San Francisco kupiga picha daraja. Mimi nilikuwa na shughuli yangu. Baba ni fundi redio Tanga, nami nimekua nikimshikia tochi huku yeye akilehemu.

Kituo cha kwanza hakina hata jengo. Penye kona ya Emerson na Channing kuna bamba la ukumbusho tu. Hapa, kati ya 1911 na 1913, mvumbuzi Lee de Forest na wasaidizi wake wawili waliifanya valvu, ambayo baba huiita taa, ikuze sauti. Taa ya kwanza ya namna hiyo ilibuniwa na John Ambrose Fleming huko London mwaka 1904. Ilipitisha umeme upande mmoja, basi. Mwaka 1906 de Forest akatia waya wa tatu katikati, na volti chache kwenye waya huo zikawa zinabana au kuachia mkondo mkubwa, kama mkono kwenye koki ya bomba. Husimuliwa kwamba mtambo wao ulikuza hata vishindo vya nzi akitembea juu ya karatasi. Nilicheka peke yangu pale konani. Mama mmoja aliyekuwa na mbwa akavuka barabara.

Gereji ya Hewlett na Packard, walikoanzia kampuni ya HP, ipo mitaa michache tu kutoka hapo, Addison namba 367. Huingii, unachungulia kutoka njiani. Nikapita.

Nikapanda basi hadi San Antonio Road, Mountain View. Redio ya taa ya babu ulikuwa ukiiwasha, unaenda kuteka maji, ukirudi ndiyo kwanza inaongea, maana taa sharti ipate moto. Desemba 1947, kwenye maabara za Bell, New Jersey, Bardeen na Brattain walipata kazi ileile kwenye kipande cha germani, kitu kigumu kinachopitisha umeme nusunusu, bila kungoja moto: ndiyo transista. Mkuu wao, William Shockley, alikuja kufungua maabara hapa mwaka 1956, akitumia silikoni badala ya germani. Mwaka uliofuata vijana wanane walichoka naye, wakaondoka na kuanzisha kampuni ya transista, Fairchild.

Uzeeni Shockley alihubiri kwamba sisi weusi tumezaliwa na akili pungufu. Nilisimama pale palipokuwa mlango wake, mtoto wa fundi wa Tanga, nikala karanga zangu taratibu.

Maabara ilishabomolewa. Njiani wamesimamisha sanamu za dayodi, ile ya kupitisha umeme upande mmoja, na transista, kubwa kuliko mtu. Nikamtumia baba picha. Jibu likaja nikiwa nimeshapanda basi la kurudi: "Kimeno cha kofia kiko upande gani? Hapo ndipo penye mguu wa emita."

Sikuwa nimeangalia.