Wosha ya kijani: jinsi nilivyookoa injini yangu ya biodizeli

Injini kuzima haikunitisha, nilishaizoea. Kilichonitisha ni wosha ya shaba niliyoitoa kwenye bolti ya bomba la mafuta. Ilikuwa imevaa ukoga wa kijani unaonata, na nilipoufikicha kati ya vidole ukanuka kama mafuta ya kupikia yaliyochacha. Wosha hiyo niliifunga kwa mkono wangu miezi minne nyuma, ikiwa inameremeta.

Jenereta yangu ni ya zamani, silinda moja. Nilikuwa naiendesha kwa B20, yaani biodizeli (mafuta ya injini yanayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au wanyama) asilimia 20 na dizeli ya kawaida asilimia 80. Mafuta ya akiba yalikaa kwenye pipa la bati, nusu likiwa tupu.

Mwanzoni nililaumu filta, na sikuwa nimekosea sana. Biodizeli hung'oa uchafu wa miaka uliogandamana ndani ya tanki, kwa hiyo filta mbili za kwanza kuziba ni jambo la kutarajia. Ila ya tatu ilitoka na matope ya kijani. Hapo nikaacha kubahatisha.

Nikachukua chupa tano za kioo na kuzijaza B20 ileile. Ya kwanza nikatia kipande cha shaba nyekundu, ya pili shaba ya njano, ya tatu aluminiamu, ya nne chuma, vyote nimevisugua kwa msasa. Ya tano sikutia kitu. Nikaziweka mahali penye joto, vifuniko vimelegezwa, nikazisahau karibu miezi miwili. Aluminiamu na chuma vilitoka vilevile kwa macho. Shaba ya njano ilififia. Shaba nyekundu ilikuwa nyeusi, na mafuta yake yamegeuka rangi ya kijani. Lakini kilichonifungua macho ni harufu: chupa ya shaba ilinuka uchachu kuliko ile isiyo na metali yoyote.

Maana yake madhara yanakwenda pande mbili. Biodizeli hutokana na mafuta ya mimea au wanyama, na ikikutana na hewa huoza polepole na kutoa asidi. Asidi inaila shaba, kisha shaba iliyoyeyuka inayaharakisha mafuta kuoza, nayo yanatoa asidi zaidi. Ongeza maji, kwa sababu biodizeli hushika maji kuliko dizeli ya kawaida, na pipa nusu tupu linatoa jasho kwa ndani kila usiku. Zinki nayo imo kwenye orodha ya metali zisizopatana nayo. Pipa langu la bati lilikuwa limepakwa nini? Zinki.

Kuna kipimo cha kawaida cha maabara ambapo kipande cha shaba huzamishwa kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 50 kwa saa 3, kisha rangi yake hutazamwa. Ni kipimo kizuri, sikidharau, lakini wosha zangu zilikaa miezi.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa. Bomba la shaba nikaliondoa, nikaweka la chuma. Wosha nikaweka za aluminiamu, na koki ya shaba ya njano nikabadilisha kwa ya chuma cha pua. Mpira wa mafuta wa kawaida ulikuwa umevimba na kulegea kama tambi, nikatia wa fluorokaboni, unaoistahimili biodizeli. Pipa nikalitupa. Sasa natumia madumu ya plastiki nene, nayajaza hadi juu ili hewa isipate nafasi, na mafuta hayakai humo zaidi ya miezi mitatu. Kila wiki nafungua koki ya chini ya tanki na kumwaga maji kabla ya kuwasha.

Pampu ndiyo iliyonishinda. Bushi zake ni za shaba nyeusi (bronzi) na sikupata za aina nyingine. Basi kila nikijua jenereta itakaa muda mrefu bila kazi, naiwasha nusu saa kwa dizeli tupu kabla ya kuizima, ili mafuta yatakayolala ndani ya pampu yasiwe biodizeli.

Juzi nilifungua mfumo wote kuukagua. Wosha za aluminiamu zilikuwa safi. Moja ya shaba niliisahau kwenye bomba la kurudisha mafuta, kule nyuma ambako spana haiingii vizuri. Kijani kibichi.