Nilivyopunguza gharama za mafuta nyumbani bila kununua gari jingine

Tangu Mei 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita hapa Dar es Salaam, kila niliyemweleza shida yangu alinishauri ninunue kitu. Nunua gari lenye injini ndogo. Funga mfumo wa gari litumie gesi asilia. Nunua sumaku ya kubana kwenye mpira wa mafuta, kuna fundi anazo. Agosti mwaka huohuo lita ikafika 3,410. Hela ya kujaza tangi sikuwa nayo, sembuse ya kununua gari jingine! Nilichofanya ni kufuta safari na kupunguza muda wa moto jikoni, na leo mafuta ya gari tunatumia karibu nusu ya yale ya zamani. Najivunia, na naandika kwa ajili ya mama mwenzangu anayezungushwa na washauri kama nilivyozungushwa mimi.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni ule wa kuweka gia nyutro kwenye mteremko, yaani gari literemke bila gia kuingia, eti kuokoa mafuta. Shemeji yangu aliusisitiza hadi mume wangu akaanza kuufuata, watoto wakiwa nyuma. Jamani, acheni. Magari ya siku hizi ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gia imeingia, kompyuta inakata mafuta yenyewe, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inabidi ichome mafuta isizime, na breki unaziachia mzigo wote peke yake. Unahatarisha familia na huokoi kitu.

Gesi asilia sina ugomvi nayo. Ni yetu, inatoka Songo Songo na Mtwara, na kilo moja inakwenda kama lita moja na nusu ya petroli kwa bei iliyo chini sana. Anayeendesha bajaji au teksi kutwa nzima, afunge. Ila kufunga kulitaka milioni moja na nusu hadi mbili hivi, mtungi unakula buti, na foleni ya kujaza niliyoikuta siku nilipomsindikiza jirani ilitosha kupika futari ya mtaa mzima. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi nyumbani, hesabu ilikataa.

Kilichotuokoa ni daftari. Ufunguo wa gari kwetu unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebuleni. Nikachukua daftari la shule lililobaki kurasa chache, nikalitoboa pembeni, nikalifunga kwa uzi kwenye msumari huohuo pamoja na kalamu. Sheria moja: anayechukua ufunguo anaandika anakwenda wapi, anafuata nini, na kilomita za kwenye dashibodi akitoka na akirudi. Mume wangu hakufurahi. "Mke wangu, sasa mimi nimekuwa dereva wa ofisi?" Nikamjibu, "Andika tu baba, hakuna atakayekuuliza." Na kweli sikumuuliza. Hapo ndipo penye siri yote. Ungeanza kuhoji kila safari, daftari lingepotea kabla ya wiki kuisha.

Mwisho wa mwezi tukakaa baada ya chakula, nikamwambia asome yeye, kwa sauti. Dukani, vocha. Mkate. Kufuata chaja kwa mjomba. Kuwapeleka wageni stendi ya Magufuli. Mkate tena. Kurudisha sufuria za shughuli. Siku zote tulikuwa tukigombana juu ya safari ya kazini, kutoka kwetu Kibamba hadi Posta mjini, kumbe vitembezi vya hapahapa mtaani navyo vinakaribia kuifikia! Na injini ikiwa ya baridi hunywa zaidi, kwa hiyo hizo kilomita mbili mbili ndizo za gharama. Alipomaliza ukurasa wa pili alilifunga daftari, akakaa kimya kidogo, akasema, "Mkate nitafuata kwa miguu." Sikuongeza neno. Daftari lipo hadi leo, na sasa yeye ndiye anayewakemea vijana wasipoandika.

Baada ya hapo mengine yalikuja yenyewe. Gari la kwenda kazini linaishia Kimara, kwa ndugu mwenye uwanja, kisha napanda basi la mwendokasi hadi mjini. Ukifika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi unapata kiti. Shule tunapeana zamu na majirani, na hapo nisikilizeni: msichangishane hela ya mafuta. Zamu kwa zamu tu. Tulipoanza kuchangishana, mmoja alilipa, mwingine akaahidi, na salamu zikapungua.

Jikoni nako mafuta yanaingia, hata kama hupikii mafuta ya taa. Gunia la mkaa linaletwa na lori, lori linakunywa dizeli, na dizeli ikipanda muuza mkaa anakupandishia au anakupunguzia ujazo wa kopo. Mimi nikarudi kwenye kikapu, chakula kimalizie kuiva humo kwa joto lake, bila moto. Chukua kikapu kikubwa cha ukindu, tandika blanketi kuukuu chini na pembeni hadi kubaki shimo la ukubwa wa sufuria. Maharage uwe umeyaloweka usiku kucha, ukamwaga maji yake. Yachemshe kwa nguvu kama dakika ishirini, usipunguze, maana maharage yasiyochemka sawasawa yanaumiza tumbo. Yakiwa bado yanatokota, funika kwa mfuniko unaobana, zungushia khanga, tumbukiza kwenye shimo, juu weka mto. Usifunue kuchungulia! Ukiyaandaa asubuhi kabla ya kutoka, mchana yameiva, ukifungua mvuke unakupiga usoni. Ukirudi jioni, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kuunga nazi.

Wali nao unafaa: ukikaribia kukauka, kikapuni, unamalizikia humo bila ukoko. Makande yanataka kuchemshwa mara mbili. Nyama ngumu sijaridhika nayo, hiyo bado naimalizia kwenye mkaa. Na sufuria iwe imejaa angalau nusu. Chakula kidogo hupoa haraka.