Mianya ya bodi kwenye gari la michezo la zamani: anzia nyuma, boneti iwe mwisho

Gari la miaka ya 1960 au 1970 linaweza kuwa na rangi inayong'aa kama kioo, lakini mlango ukiwa umelala milimita 3 tu, jicho litaona mlango kabla ya rangi. Wengi hulegeza bolti palepale wanapoona kasoro, na kazi ya siku mbili inageuka ya mwezi. Mwanya ni ile nafasi kati ya paneli moja na nyingine, na mwanya mbaya wa boneti mara nyingi umeletwa na fenda, fenda nayo imepangwa kufuata mlango, na mlango umelala kwa sababu bawaba zimechakaa au chini yake pameoza. Tafuta chanzo kwanza.

Gari lisimame kwa tairi zake zote nne, zikiwa na upepo sawa, juu ya sakafu iliyonyooka. Likiwa kwenye stendi, bodi inapinda kidogo, na mianya utakayoipanga hapo itabadilika ukilishusha. Injini na giaboksi ziwe ndani kama inawezekana. Kwa kupimia hakuna kitu rahisi kushinda biti za drili: shingo laini ya biti ya 4, ya 5 na ya 6 inapita kwenye mwanya na kukupa jibu bila ubishi. Bandika tepu ya karatasi kando ya mwanya, pima kila sentimita 20, andika namba juu ya tepu. Dakika kumi za kuandika hivyo zinaonyesha kama mlango umeshuka, umeegemea mbele au umejipinda, na kila tatizo kati ya hayo lina dawa yake.

Kwa magari ya zama hizo, milimita 4 hadi 6 ni sawa kabisa. Usikimbilie mianya myembamba kama ya magari ya leo. Mwanya wa 5 unaokwenda 5 mwanzo hadi mwisho unapendeza kuliko ule unaoanza 3 na kuishia 5, na mlango wenye mwanya mwembamba mno utakuja kumenya rangi siku bodi ikijipinda kwenye shimo la barabara.

Sasa kipimo ambacho hakirukwi, hasa kwa gari lisilo na paa kama MGB ya wazi. Gari hilo halina shasi ya peke yake. Nguvu zake nyingi ziko kwenye vizingiti, yale maboksi ya chuma yanayopita chini ya milango. Funga mlango, pima mwanya wa nyuma yake sehemu ya juu, kisha piga jeki katikati ya gari na upime tena. Ukibadilika zaidi ya milimita 1 au 2, vizingiti vimekwisha kwa ndani hata kama nje vinaonekana vizima. Hakuna kupanga paneli hapo, ni kuchomelea. Na kabla ya kukata kizingiti, funga bomba la chuma kwenye uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, kata upande mmoja tu kwa wakati, na urudishe mlango mara kwa mara kuangalia mwanya kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Gari likishachomelewa likiwa limepinda, hakuna bolti itakayolinyoosha.

Magari yenye shasi, kama Triumph TR6, yana njia nyingine ya kurekebisha: kati ya shasi na bodi kuna vipande vya kuinulia. Mwanya ukibana juu na kupanuka chini, bodi imezama katikati, na kuongeza kipande kwenye mihimili ya katikati kunaufungua tena. Angalia hapo kabla ya kugusa bawaba.

Bodi ikiwa nzima, anza na kile kisichosogea. Kwenye magari mengi bodi ya nyuma imechomelewa, kwa hiyo mlango unapangwa kufuata bodi ya nyuma, fenda inafuata mlango, boneti inafuata fenda. Ukianza mbele utabana kosa lote kwenye mlango, ambako halina pa kwenda.

Toa raba za mlango zote. Toa na straika, ile pini au kipande cha chuma kwenye nguzo kinachoshikwa na kitasa. Hili la straika nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa linaloharibu milango mingi: mlango umeshuka, fundi anapandisha straika, mlango unainuliwa kila unapofungwa, na baada ya miezi michache kitasa na bawaba vimelika. Mlango lazima ukae mahali pake wenyewe bila kitu cha kuushika.

Fungua mlango kiasi cha sentimita 15, shika ncha ya nyuma, uinue. Weka kidole kwenye ungio la bawaba. Ukihisi ulegevu kati ya pini na bawaba, badilisha pini na bushi, kile kijibomba kinachoizunguka pini, kwanza. Kupanga mlango wenye pini iliyolika ni kupoteza siku. Ukiona bawaba nzima inatembea juu ya nguzo, kuna bolti iliyolegea au nguzo imepasuka.

Ikiwa kila kitu kimekaza na mlango bado umeshuka nyuma, hapa ndipo shimu, vibati vyembamba vya milimita 0.5 na 1, vinapofanya maajabu. Ukiweka shimu nyuma ya bawaba ya chini, sehemu ya chini ya mlango inasogea nyuma na ncha ya nyuma inapanda. Hesabu yake ni hii: bawaba zikiwa umbali wa milimita 350 na mlango una urefu wa milimita 1050, shimu ya milimita 1 inapandisha ncha kwa takriban milimita 3. Ndiyo maana shimu nene inarusha mlango juu kupita kiasi. Weka nusu milimita, funga, angalia, ndipo uamue. Legeza bawaba moja tu kwa wakati, na mtu wa pili ashike uzito wa mlango.

Mlango unaojaa chini lakini unatokeza juu, au kinyume chake, umejipinda. Shusha kioo, weka kipande cha mbao chenye unene wa kama milimita 20 karibu na kitasa pale unapogusa nguzo, kisha sukuma kwa goti upande unaotokeza. Sukuma kidogo, pima, sukuma tena. Hii ni kwa milango ya chuma tu. Bodi ya faibaglasi, kama ya Corvette, itapasuka. Yenyewe hurekebishwa kwa shimu, na kingo zake kwa kusaga au kujengea resini.

Sehemu ya mbele ya mlango iingie ndani kuliko fenda kwa nusu milimita hivi, na nyuma ya mlango itokeze kiasi hichohicho kuliko bodi ya nyuma. Upepo hautapata ukingo wa kushika, na kelele ndani ya gari inapungua.

Fenda ifungwe bolti zote kwa mkono kwanza. Kaza ile ya juu karibu na mlango, halafu ya chini kwenye kizingiti, kisha zile za kando ya boneti, mbele mwisho. Angalia kwa karibu wakati wa mzunguko wa mwisho wa spana: washa, ile pete ya chuma chini ya kichwa cha bolti, inazunguka pamoja na bolti na kuiburuta fenda, pengine milimita 1 nzima. Tumia washa nene na bapa, ipake grisi kidogo, na usikubali kipimo chochote kilichochukuliwa kabla ya kukaza. Bolti za M6, yaani za unene wa milimita 6, zinatosha kwa Nm 10 hivi (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). M8 za bawaba, Nm 25. Fenda mpya za kunakili mara nyingi mashimo yake hayalingani na gari, hivyo zijaribiwe kabla ya rangi, kila mara. Ile ya asili yenye kutu kidogo ina thamani kuliko mpya isiyokaa.

Boneti isifungwe kwa nguvu mara ya kwanza. Bandika tepu tabaka mbili kwenye kona zake na za fenda, toa kitasa chake, ishushe polepole watu wawili. Bawaba zinapanga mbele na nyuma na kando, raba za kukalia zinapanga kimo, kitasa kinarudi mwisho. Datsun 240Z ina bawaba mbele, kwa hiyo kimo cha nyuma karibu na kioo kinapangwa na raba na kitasa. Kwenye Jaguar E-Type pua yote ni boneti iliyobebwa na fremu ya mbele. Fremu ikiwa imepinda kwa ajali, shimu za bawaba hazitasaidia.

Ukingo usiofikika kwa kurekebisha hujengwa kwa waya wa kuchomelea wa milimita 1.6, doa moja moja zilizoachana, ukisubiri chuma kipoe, kisha unasagwa. Puti ukingoni itabanduka. Mwanya unaobana usisagwe zaidi ya nusu milimita, maana mkunjo wa bati utafunguka, na ukifunguka uchomelewe upya.

Kabla ya kuvua paneli kwenda kwenye rangi, toboa matundu mawili ya milimita 3 kupitia kila bawaba hadi nguzoni. Siku ya kurudisha, biti ya 3 inaingia kwenye matundu na bawaba inarudi palepale. Acha nafasi pia kwa ajili ya rangi: praima na rangi vinaweza kula karibu nusu milimita ya mwanya ukijumlisha kingo mbili. Raba mpya zikirudi, mlango utatokeza milimita kadhaa. Uache umefungwa wiki mbili kabla ya kugusa straika, kisha endesha kama kilomita 50 na upime tena juu ya tepu.