Siku moja maishani mwangu: kupima mzio wa dawa za maumivu

Saa moja na nusu asubuhi naingia katika maabara ya mzio ninayofanyia kazi hapa Berlin, na jambo la kwanza ninaloliangalia kwenye kila mrija wa damu ni saa iliyotolewa. Kipimo chetu kinahitaji seli zilizo hai, kwa hiyo damu iliyopitisha saa 24 haipokelewi.

Saa mbili nasoma historia za wagonjwa, sehemu ya kazi ambayo naipa uzito kuliko mashine yoyote. Mama mmoja alivimba midomo na kuishiwa nguvu dakika chache baada ya kumeza metamizoli, dawa inayotumika sana Ujerumani ingawa Marekani iliiondoa sokoni mwaka 1977 kwa sababu ya hatari ya kuporomosha seli nyeupe. Aspirini na ibuprofen hazimdhuru. Kijana mwingine, mwenye pumu na vinyama puani, hubanwa kifua kwa aspirini, kwa ibuprofen na kwa diklofenaki pia. Huyu mama huenda ana kingamwili za IgE, zile zinazochochea mzio, zinazolenga dawa moja tu, ilhali kijana anasumbuliwa na jinsi dawa hizo zote zinavyozuia COX-1, kimeng'enya ambacho mwili hukitumia kutengeneza kemikali za maumivu na uvimbe, na hapo kingamwili hazihusiki. Nampigia daktari wake simu kumweleza kwamba damu haitatoa jibu la kutegemewa. Kinachofaa ni kumpa dawa kidogo kidogo hospitalini, chini ya uangalizi, vifaa vya dharura vikiwa tayari.

Saa tatu naanza damu ya yule mama. Tunazitafuta basofili, seli nyeupe zinazoshiriki katika mzio, ambazo kwa kawaida hazifiki hata asilimia 1 ya seli nyeupe. Sehemu moja ya damu naichanganya na kimiminika kisicho na dawa, nyingine na kingamwili inayoziamsha basofili kwa lazima, na zilizobaki na metamizoli ya viwango mbalimbali, kisha zote zinakaa kwenye nyuzi joto 37. Basofili ikishtuka, chembechembe zake za ndani hupasukia nje na protini iitwayo CD63 hujitokeza juu ya ngozi ya seli. Naitia rangi inayong'aa, halafu seli zinapita mojamoja mbele ya mwanga wa leza.

Saa sita kasoro robo majibu yanatokea: bila dawa, asilimia 2 ya basofili zina CD63, kwenye metamizoli, 19. Kwa dawa, kwa kawaida tunataka angalau asilimia 5, tena iwe mara mbili ya ile isiyo na dawa. Sehemu iliyoamshwa kwa lazima imefika 70, na bila hiyo nisingesaini chochote, kwa kuwa wapo watu ambao basofili zao haziitikii kabisa, na majibu yao hayaruhusiwi kuandikwa kuwa hasi.

Mchana napima triptasi, kimeng'enya ambacho seli za mzio hukimwaga damuni zinaposhtuka, ya mgonjwa aliyezidiwa jana. Kiwango chake cha kawaida ni mikrogramu 5 kwa lita, hivyo mpaka wa kuonyesha mzio mkali ni 5 mara 1.2, ukijumlisha 2, yaani 8. Damu iliyochukuliwa saa moja baada ya tukio ilisoma 14. Mzio mkali umethibitika, ila dawa iliyousababisha bado haijajulikana, kwani alimeza kidonge cha mafua chenye mchanganyiko na pakiti ikatupwa.

Saa tisa alasiri naandika ripoti. Kwa majibu yaliyo hasi naongeza kila mara kwamba hayampi mgonjwa ruhusa ya kuimeza tena dawa hiyo nyumbani, hasa kama miezi mingi imepita tangu adhurike.