Masika na banda langu la kuku

Masika ya mwaka jana yaliniulia vifaranga 11. Banda langu hapa Muheza lina paa zuri, halivuji hata tone, nikajua niko salama. Kumbe maji yalikuwa yanaingia kwa chini, yakitambaa kutoka upande wa mlimani. Maranda yakalowa taratibu, na siku ya nne nikaona kinyesi chenye damu. Kuhara damu hupenda unyevu. Vijidudu vyake hukomaa kwenye matandiko yaliyolowa na yenye joto. Niliumia sana.

Mwaka huu nilianza Februari, udongo ukiwa bado mkavu. Nimechimba mtaro wa futi moja upande ule wa mlimani, nikainua sakafu kwa kifusi, na nimeongeza mabati ili paa litokeze zaidi, maana mvua ya huku huja na upepo, inapiga kwa ubavu.

Wengi hukosea kwenye turubai. Wanafunika banda pande zote. Nakuomba usifanye hivyo! Pumzi na kinyesi cha kuku vina maji mengi. Ukiziba hewa, unyevu unabaki ndani na harufu kali ya amonia inawachoma macho. Mimi nashusha turubai upande wa upepo tu, na juu naacha nafasi ya shibiri moja.

Kila asubuhi nachota konzi ya maranda, nayabinya. Yakishikamana kama ugali, nayatoa na kuweka makavu, hasa karibu na vyombo vya maji. Jana mvua imenyesha hadi alfajiri. Nimeingia bandani peku, nimetoka na nyayo kavu.