Mizani haijasogea, ila kiuno kimesogea

Jamani naandika hii nimetoka sasa hivi kutembea Raskazone hapa Tanga, jasho hata halijakauka, maana juzi kuna dada kaniambia anaacha mazoezi kwa sababu kajipima wiki ya 3 hii hajapungua kitu, nikaumia sana, mwaka jana na mimi nilikuwa hapo hapo.

Nilianza na kilo 104, urefu sentimita 165, BMI (kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu) ikaja 38 na wakati kuanzia 30 ndo wanahesabu ni unene uliopitiliza. Jimu ya kwanza mwalimu alitufanya turuke wote sawa, mazoezi ya Tabata, mimi na vijana wembamba, goti likavimba wiki 2 nzima. Ile Tabata ya sekunde 20 unakazana 10 unapumzika, watafiti waliijaribu kwa vijana wanamichezo wa chuo huko Japani, tena juu ya baiskeli ya mazoezi, sio kwa mama mwenye kilo zangu anayeruka kwenye sakafu ya simenti.

Kilichonisaidia ni intavali za kutembea, yaani kupokezana kasi na polepole, nazo zimetoka huko huko Japani, Profesa Hiroshi Nose na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shinshu. Dakika 3 unatembea mwendo wa kasi mpaka kumaliza sentensi inakuwa kazi, dakika 3 polepole, mara 5, siku 4 kwa wiki. Nusu saa umemaliza. Dakika ya kwanza ya kasi utaona mbona rahisi, ya tatu ndo moyo unapiga kweli, halafu kabla hujakata tamaa simu uliyotega dakika inalia unapunguza. Ndo maana inafaa, zile dakika 15 za kasi ningeambiwa nizitembee mfululizo nisingefika hata 5.

Sasa mizani. Wiki ya 10 ilisoma 103. Nililia. Ila fundi wangu wa nguo alipozungusha futi kiunoni zimetoka sentimita 5, na ngazi za kazini napanda mpaka ghorofa ya 3 bila kusimama kuhema. Baadaye nikasoma kuna watafiti mwaka 2017 walikusanya tafiti 13 za watu wazima wanene, mafuta yalipungua na kiuno kikapungua, lakini uzito kwenye mizani haukubadilika hivyo! Tena intavali na mazoezi ya taratibu yalipunguza mafuta karibu sawa, tofauti ni kwamba intavali zilitumia muda pungufu kama asilimia 40. Kwa hiyo anayekwambia intavali zinayeyusha mafuta kuliko kitu chochote usimsikilize, kilo zenyewe mimi zimeanza kushuka nilipopunguza chapati na soda.

Ila kama una presha au sukari pima kwanza, umwambie daktari unataka kuanza nini, tafadhali usiruke hii.

Yule dada nimembembeleza, kesho saa 12 asubuhi tunatoka wote kabla jua halijawa kali. Nimemwambia mizani aiache nyumbani, aje na futi.